Karatasi za Bi Kalunde

Mtendeni, Tabora
12 Machi 1950

Mwanangu Mfaume,

Salamu zikufikie wewe na mkeo Mwamvua hapo Kaliua. Zikiwakuta na afya nitashukuru, zikiwakuta na uvivu wa kujibu sitashangaa. Sisi huku wazima. Mvua imekuwa nyingi, ukuta wa uani umelala chini, na uyoga umejaa sokoni hadi watu wanaupita bila kuuliza. Babu yako Mzee Yahaya mguu bado unamsumbua, ila ulimi haujambo. Bibi yako Nyamizi anakusalimu sana na anauliza kama Mwamvua anakulisha, maana mara ya mwisho ulikuja na shingo kama ya korongo.

Sasa tulia usome taratibu. Ile hirizi yangu, niliyovalishwa na marehemu mama mwaka wa ile homa iliyokuja nyuma ya vita vya Wajerumani, imepasuka. Ngozi imeoza, na miaka thelathini na miwili si mchezo. Nikataka kuitoa karatasi ya ndani nimpelekee fundi aishone upya, na kwa kuwa ni maneno ya Mungu nikatawadha kwanza. Nikaikunjua. Mfaume, si aya na si dua. Ni Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, mkono wa bibi yangu Kalunde mwenyewe. Imeandikwa hivi: "Leo wameondoka wapagazi mia tatu kwenda pwani. Wake zao wamekuja uani kwangu, nimeandika majina yao na ya waume zao na siku. Asiyerudi baada ya masika mawili nitamsemea mkewe kwa Liwali."

Nilikaa chini nikacheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena.

Wewe Bi Kalunde hukumwona, alikufa miaka mitano kabla hujazaliwa. Alikuwa mtoto wa kijijini tu. Aliandamana na mume wake wa kwanza, mpagazi, kwenda Bagamoyo mara mbili kwa miguu, na mara ya pili akarudi peke yake, mjane, ila anajua kushika kalamu. Nani alimfundisha huko njiani hakusema mpaka anaingia kaburini. Akaolewa hapa Mtendeni, akawa anawaandikia barua wanawake ambao waume zao wamemezwa na njia ya pwani. Kisha akaanza kwenda barazani kwa Liwali na karatasi zake, akigomba, mpaka ikakubaliwa kuwa mke wa mpagazi asiyerudi asikilizwe na aruhusiwe kuolewa tena, asibaki amefungwa kama mzigo unaomngoja mwenyewe. Kila alichoandika alikitia ndani ya kasha lake la mninga.

Mama yangu alikuwa mkwewe na hakujua herufi hata moja. Alikuwa akimwona Bi Kalunde anaandika kila siku baada ya sala ya alfajiri, naye moyoni akajua ni dua. Homa ilipokuja na kuchukua watoto mji mzima, alifungua kasha, akatoa karatasi saba, akazikunja, akampa fundi wa ngozi, tukavishwa sisi saba, watoto wake na wajukuu, hata baba yako aliyekuwa mtu mzima. Wa mwisho ulikuwa wewe, kitoto cha miezi miwili. Zilizobaki kashani zililiwa na mchwa. Kwa hiyo angekuwa mama yangu anajua kusoma, leo tusingekuwa na hata neno moja la bibi.

Nazitafuta zote saba, na sababu unaijua. Nina wasichana kumi na mmoja chumba cha mbele, nawafundisha kusoma na kuandika. Babu yako anataka kukifunga. Alimkamata mmoja na barua mkononi, akapiga kelele mtaa mzima kuwa mtoto anaandikia wanaume. Kweli alikuwa anamwandikia mwanamume: baba yake, aliye machimboni Mpanda. Lakini babu yako anasema nyumba hii ni ya mama yake, Bi Kalunde, na mama yake alifundisha wasichana kusoma Kurani tu, hakumpa hata mmoja kalamu. Mkaidi yule humwezi kwa maneno yako. Labda kwa maneno ya mama yake.

Nitumie hirizi yako. Nitaifungua, nitanakili, nitakurudishia imeshonwa vizuri kuliko ilivyokuwa.

Shangazi yako,
Mwanne binti Ramadhani


Kaliua
30 Machi 1950

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma mara mbili, na Mwamvua naye nimemsomea, amecheka sehemu ya korongo kuliko ilivyostahili. Tuko salama. Kazi ya reli ya Mpanda imenoga. Nimepewa gengi zima, watu ishirini na wawili niwasimamie, na mvua ikinyesha tunashinda tunarudisha udongo ulioondoka. Rafiki yangu Dionis, yule mtu wa Nzega anayefanya kazi na wapima reli, anakusalimu ingawa hakujui. Ni Mkatoliki wa kukata na shoka, lakini asali ya Kaliua anaijua kuliko mganga, na dumu utakaloletewa na mtu wa treni ni yeye aliyelichagua.

Habari za Bi Kalunde zimenifurahisha sana. Mtu kwenda Bagamoyo kwa miguu mara mbili, na mimi hapa nalalamika kusukuma kiberenge. Mpe babu shikamoo yangu na umwambie mguu aukande na mafuta ya nyonyo.

Shangazi, naomba unitumie kanga kuukuu mbili tatu, zile zilizofuliwa mpaka zikalainika. Na mvuje kidogo. Huku nyoka wamezidi, nataka kufukiza nyumba.

Mwamvua anakusalimu. Yupo, ila siku hizi hatoki sana.

Mwanao,
Mfaume


Mtendeni, Tabora
21 Aprili 1950

Mwanangu Mfaume,

Wa hapa hawajambo wote. Asali nimeipokea, tamu, Mungu ambariki huyo Dionis wako. Mguu wa babu umekandwa, na sasa anatembea vizuri zaidi kuja kunigombeza. Nakutumia kanga tatu na mvuje kama ulivyoomba. Ila umenijibu habari za nyoka, za asali na za kiberenge, na nilichokuuliza umekiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Haya, labda wino ulikwisha.

Nikupe habari ya hirizi. Nimepata sita. Kaka yako Nassibu, fundi makufuli, alinipa yake kwa mbwembwe, akasema hii ndiyo iliyomlinda na simba wa Ugalla, niifungue kwa heshima. Nikaifungua kwa heshima. Imeandikwa: "Wanaume wa mji huu wana ndimi ndefu na mikono mifupi. Nimewaomba wajenge kibanda wajane wapate pa kulala, wamejenga maneno." Miaka yote hiyo Nassibu amevaa matusi yake shingoni. Anakwenda huku na huku akisema hata hivyo simba alikimbia.

Ya Apolinaria, naye ni mmoja wa sisi saba, imetoka Puge. Unajua yeye alibatizwa alipoolewa na Anselm, na padri hapendi hirizi, basi akaishonea ndani ya mto wa kulalia na akailalia miaka yote. Ameileta mwenyewe kwa treni, akakaa siku tatu, tumecheka mpaka mbavu zikauma. Yake ni barua ya Bi Kalunde kwa Liwali. Anasema: "Bwana, umeniambia mwanamke hana haja ya kuandika kwa kuwa mumewe atamwandikia. Nami nimekuletea majina ya wanawake arobaini na wanne ambao waume zao hawakuandika." Nilipofika hapo nilisimama nikazunguka uani peke yangu, kwa furaha.

Lakini ninayotaka uijue hasa ni hii ya sita, iliyokuwa ya marehemu baba yako. Mwisho wake chini kabisa bibi ameandika: "Ama wasichana wanaojifunza kalamu uani kwangu, wapo wanaosema nasema uongo. Ushahidi wa wasichana ni huu ufuatao katika karatasi ya pili." Hapo karatasi imekwisha.

Nilimpelekea babu yako. Aliisoma mara tatu kwa miwani yake, akasema karatasi inayosema ushahidi unafuata si ushahidi. "Mimi nilikuwa Ujiji nikifanya biashara," anasema, "lakini kila nilipokuwa nyumbani nilisikia wasichana wanasoma, sikuona anayeandika." Nikamwambia, wangeandikaje mbele yako? Uani kwa wanawake, kwani ulikuwa unaingia? Akanuna. Kisha akasema, naye ni mtu wa haki hata akinuna, kwamba siku ya Idi pili ukoo ukikutana, karatasi hiyo ikiwepo ataisoma mbele ya wote na atanyamaza maisha. Isipokuwepo, chumba kinafungwa.

Iliyobaki ni moja, Mfaume, na unajua iko shingoni mwa nani.

Shangazi yako,
Mwanne


Kaliua
25 Mei 1950

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kanga na mvuje vimefika, asante sana. Tu wazima, na mvua zimekatika.

Hirizi haipo shingoni mwangu. Haikupotea, lakini siwezi kukutumia, na nakuomba usiniulize kwa nini. Ningeweza ningekuletea kwa miguu. Nisamehe kwa habari ya wasichana.

Mfaume


Mtendeni, Tabora
3 Juni 1950

Mwanangu,

Sote salama. Mwezi wa Ramadhani unakaribia, watu wameanza kutwanga unga wa futari.

Barua yako ilinikasirisha siku mbili. Sitakuficha, nilisema maneno ambayo Bi Kalunde angeyaandika. Nilimwambia Nassibu kuwa umeiuza au umelewa ukaitupa mtoni. Siku ya tatu nilikuwa namshonea mtu nguo, nikakumbuka orodha yako. Kanga kuukuu zilizolainika. Mvuje. Mkeo hatoki. Mfaume, mimi nimelea watoto wa watu wengi katika nyumba hii. Kanga laini hazivaliwi na mnyapara wa reli, na mvuje hufungwa shingoni mwa kiumbe ambacho hakijui hata nyoka ni nini.

Sitauliza. Najua mlizika wawili, na najua kwa nini mtu hunyamaza safari ya tatu. Hata mimi nisingetangaza. Mdomo wangu nimeufunga, hata Nassibu sikumwambia, na yeye unamjua, angekwisha kupiga mbiu.

Usiifungue. Nasema tena, usiifungue na usimwambie Mwamvua kuwa nilisisitiza niipate. Siku mama yangu alipokuvalisha hirizi hiyo mimi nilikuwa nimekushika. Ulikuwa mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa na macho yamegeuka. Mama alifunga uzi, akasema, "Huyu nimemkabidhi kwa Mungu na kwa mama mkwe wangu, wachukuane naye." Ukapona. Mimi nimesoma vitabu na najua karatasi ni karatasi. Lakini sina ujasiri wa kumvua mtoto hirizi kwa ajili ya kugombana na baba mdogo Yahaya.

Chumba kikifungwa nitafundishia jikoni. Wasichana watanuka moshi, basi.

Natuma kanga mbili nyingine, hizi mpya. Na sabuni ya kipande.

Shangazi yako anayekupenda,
Mwanne


Kaliua
2 Julai 1950

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Mwamvua anasema shikamoo, na kuna mwingine hapa ambaye hajui kusema shikamoo lakini amekojolea kona ya barua hii, kwa hiyo ichukulie ni salamu yake.

Anaitwa Sikudhani. Ana miezi sita. Alizaliwa tarehe ishirini na tisa Desemba, na tangu siku hiyo nimekuwa mwongo kwa kila mtu ninayempenda. Ulipoandika Machi nilikuwa nimemvika hirizi yangu siku ya saba, na Mwamvua alikuwa ameapa haitatoka. Wawili wa kwanza walikwenda kabla ya mwezi wa nne. Sikuweza kukuandikia "tumepata mtoto," halafu nikuandikie ile barua nyingine kwa mara ya tatu. Ndiyo maana nilikuandikia habari za nyoka. Nyoka wenyewe mwaka huu nimeona mmoja, tena mdogo.

Barua yako ya Juni nilimsomea Mwamvua yote, pamoja na pale uliposema nisimwambie. Akaendelea na kazi zake. Mimi nikajua limekwisha. Ijumaa ya kabla ya hii iliyopita, mchana nimerudi kutoka kazini, nikamkuta amekaa kwenye mkeka na mtoto mapajani, na mkasi mdogo pembeni. Nikaogopa. Akaniambia, "Kama ni maneno ya bibi, hayatachoka kwa kusomwa. Lakini uzi hautoki shingoni."

Basi tulifanya hivyo. Nilimwita Dionis, maana ana karatasi ile nyembamba wanayonakilia ramani, ukiiweka juu ya maandishi yanaonekana kama unatazama ndani ya maji. Alikuja, akavua kofia mlangoni kana kwamba anaingia kanisani. Mwamvua alikata mshono wa ngozi, uzi ukiwa palepale shingoni, nami nikaitoa karatasi. Muda wote alimwekea mtoto kiganja kifuani, pale hirizi hukaa. Sikudhani alikuwa macho anatutazama mmoja mmoja, akataka kuikamata karatasi aile. Nilifuata kila mstari kwa kalamu ya risasi kama ulivyo, sikuongeza na sikupunguza. Kisha tukaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, Mwamvua akashona papo hapo, mshono mdogo mdogo, na Dionis akafanya ishara yake ya msalaba, nasi hatukumkataza.

Leo ni siku ya tisa. Mtoto ananyonya, analala, amepata jino.

Sasa kuhusu hayo maandishi. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilisoma kwa kukariri, kwa hiyo herufi nazijua kwa sura tu, kama watu unaokutana nao sokoni. Lakini hata mimi naona Bi Kalunde hapa hakuwa sawa. Kila mstari una mwandiko wake. Mmoja mnene, mmoja umepanda juu kama njia ya mlimani, mwingine una matone ya wino kila mahali. Labda alikuwa anaumwa, au amezeeka. Kama haufai, utusamehe. Tumejaribu.

Karatasi iko ndani ya bahasha ya pili, nimempa mtu wa treni mkononi.

Mwanao,
Mfaume


Mtendeni, Tabora
20 Julai 1950

Mwanangu Mfaume na binti yangu Mwamvua,

Sikudhani nimembusu kwenye ile kona ya barua, kojo na vyote. Mwamvua mwanangu, sina la kukupa linalolingana na ulilonipa. Nitakuja mwenyewe mwezi ujao na treni ya Jumatano, na mbuzi wa akika nitakuja naye, mwambieni Dionis atafute pa kumfunga. Jino, nalo, limetangazwa. Nilipopata ruhusa ya kusema nilimwambia Nassibu tu, na kufika adhuhuri hata wauza karanga wa sokoni walikuwa wananipongeza.

Bi Kalunde hakuwa anaumwa, Mfaume. Ile miandiko ni tofauti kwa sababu si yake. Ni mistari kumi na miwili, na kila mstari umeandikwa na msichana wake mwenyewe. Wa kwanza unasema, "Mimi Mwanahamisi binti Juma nimeandika kwa mkono wangu, hakuna aliyeushika." Na wote wanasema hivyohivyo, jina tofauti, mkono tofauti. Angeandika yeye wangesema amewasemea. Aliwapa kalamu akakaa pembeni. Na wewe usiyejua kusoma herufi hizi ndiye pekee uliyeweza kuleta kila mkono ulivyo, maana anayejua angesoma na kuandika kwa mwandiko wake.

Idi pili tulikutana uani, ukoo wote, hata Apolinaria na Anselm wametoka Puge, mkeka umejaa. Nilimpa baba mdogo Yahaya karatasi mkononi. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti, kwa kuwa aliahidi. Mwanahamisi binti Juma, huyo alikuwa jirani, amekwisha kufa. Zainabu binti Feruzi, amekufa. Wa tatu alihamia Kigoma. Alisoma vizuri bila kuruka, sauti yake ileile ya kuadhini. Akafika wa nne, akaisogeza karatasi karibu na miwani.

Tukamngoja. Akarudia kuutazama mstari kama mtu anayemtazama mgeni mlangoni. Kisha akageukia jikoni akamwita mkewe.

Bibi yenu Nyamizi akaja anajifuta mikono kwenye kanga. Mnajua jinsi ilivyo kwao. Miaka zaidi ya hamsini, kila barua inayomjia kutoka kwao Puge anaipokea yeye, anamngoja mumewe arudi kutoka dukani, anampa, wanakaa kibarazani, mzee anamsomea. Sote tumekua tukiliona hilo. Hata mimi, niliyeishi naye nyumba moja, sikuwahi kudhani.

Mzee akamwambia, "Hapa pameandikwa Nyamizi binti Kasanda."

"Ni mimi," akasema.

Mzee akampa kalamu. Bi Nyamizi akachuchumaa, akaitandika karatasi juu ya kifuniko cha sinia, akaandika mstari uleule, polepole, na mkia wa herufi ya mwisho ukarudi nyuma ukakunjika vilevile kama ulivyokunjika siku ile akiwa msichana. Nassibu peke yake aliweza kukohoa.

Baba mdogo alikuwa na rangi ya mtu aliyepotea njia mtaani kwake. Akauliza kwa nini hakumwambia. Akajibiwa, "Hukuniuliza, na isitoshe nilipenda unavyosoma." Akauliza tena, taratibu, kama zile barua zote mkewe alikuwa anazisoma. Akajibiwa, "Ndiyo, kila ulipokwenda msikitini."

"Hata ile ya mama yako?"

Sisi wengine hatukujua ni barua gani. Yeye ndiye aliyetueleza, huku akitazama mkeka. Bi Nyamizi alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, mtoto ana siku tano, mzazi mgonjwa, barua ikaja kutoka Puge kuwa mama yake amefariki. Mzee akaisoma kibarazani kama kawaida, na habari hiyo akairuka. Akasoma salamu, akasoma habari za ng'ombe, akaikunja. Alimficha mpaka arobaini zikaisha na damu imemrudia, ndipo akamwambia, akakaa naye akalia naye. Alikuwa amebeba jambo hilo miaka yote akidhani ni siri yake.

Bi Nyamizi akamwambia, "Nilijua siku ileile. Ulikuwa unanihurumia, nikakuacha unihurumie."

Mzee akavua miwani. Alichukua muda kuifuta, na kanzu yake ya Idi ilikuwa safi lakini nadhani miwani haikusafika. Kisha akasema, kwa sauti ambayo watoto wa nyuma hawakuisikia, kuwa chumba ni cha watoto wa kike na neno hilo limekwisha. Apolinaria alianza vigelegele, akanyamazishwa na Anselm, akaendelea.

Watu walipokwenda kula, wazee wawili walibaki kibarazani, nami nikabaki nao nikikusanya vikombe. Mzee alikuwa na barua mfukoni iliyokuja siku moja kabla ya Idi, kutoka kwa dada yake Bi Nyamizi, yule mwenye ulimi ambaye hajapata kumsamehe mzee kwa mahari ya mwaka elfu moja mia nane na ngapi sijui. Akampa. Akamwambia, "Leo nisomee wewe."

Bi Nyamizi akaifungua, akasoma kwa sauti nzuri kabisa, bila kukwama. Salamu, mavuno, mtama, ndama wawili. Mzee amefumba macho anasikiliza, anatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma yake, na karatasi naiona. Katikati ilikuwepo mistari miwili inayomhusu mzee. Akaiangalia kidogo, akairuka, akaendelea na habari za ndama.

Shangazi yenu,
Mwanne